Jiwe la Kusagia Kando ya Minyaa

Vijana mnaoingia kazi ya upimaji, siku ya kwanza mtaani acheni tepu nyumbani. Acheni na hizo droni zenu. Vaeni viatu vilivyozoea miguu yenu, mkauzunguke mtaa mzima mkitembea kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Mkiulizwa, semeni ukweli kwamba leo mmekuja kupaona tu. Watu watawacheka na kuwaita wavivu. Wacheni wacheke, kwa sababu siku hiyo ya kutembea bure itawaonyesha mambo ambayo wiki nzima ya kuchungulia kwenye chombo haitawaonyesha.

Mimi nimeifanya kazi hii miaka ishirini na miwili, nikaanza nikiwa mshika tepu na nikastaafu nikiwa mpima msaidizi. Karibu yote niliifanya pembezoni mwa mji huu wetu wa Babati. Tangu tulipofanywa makao makuu ya mkoa, pembezoni kulijaa haraka kuliko makaratasi yetu. Shamba la mahindi uliloliacha msimu uliopita unalikuta lina nyumba nne na msingi wa ya tano. Sisi tulikuja baada ya nyumba, tukitafuta pa kupitisha barabara mahali ambapo watu walishachimba vyoo. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba mpima anapendwa. Ukionekana na tepu, mama anaanika nguo haraka kwenye mpaka wake ili ujue pana mwenyewe.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Amnaay, mtu wa Mbulu kama mimi, mrefu, mkimya, na mwenye dharau kubwa kwa viatu vyangu. Siku moja upande wa Bagara tulipanda bikoni kumi na mbili, yale mawe ya zege tunayoyasimika kwenye kona za viwanja. Kesho yake tukakuta tisa. Tukazifuata alama za kuburuzwa hadi jikoni kwa mama mmoja, na hapo tukaziona bikoni zetu tatu zimegeuzwa mafiga, zimebeba sufuria ya makande. Mama wa watu hakustuka hata kidogo. Alisema mawe ya ofisi ni mazuri kwa sababu hayapasuki kwa moto, akatukaribisha tule. Mimi nilikuwa tayari kugomba. Mzee Amnaay akakaa kwenye kigoda, akasubiri makande yaive, akala sahani mbili, na sufuria ilipoepuliwa akaomba mawe yake kwa upole. Njiani aliniambia kosa lilikuwa letu, maana tulipita kwa mama yule tukasimika jiwe bila kumweleza kazi yake.

Mengi niliyoyajua nilijifunza namna hiyo. Alinifundisha kwamba tepu ya kitambaa husinyaa ikilowa na kukudanganya, na ya chuma hurefuka kidogo jua likiwa kali. Alinifundisha kuangalia njia za miguu, kwa sababu watu hawapiti kwenye shamba la mtu wanayemwogopa. Kubwa kuliko yote, alinizuia kusimika jiwe lolote la mpaka kabla majirani wote wawili hawajasimama hapo, kila mmoja upande wake, wakaona kwa macho yao. Mmoja akikosekana, unarudi siku nyingine. Akikosekana tena, unarudi tena.

Na kitu chochote unachokikuta ndani ya mstari wa barabara, aliniambia, ukifunge. Kukifunga ni kukipima kutoka kwenye alama mbili zisizohama, ukaandika vipimo vyote viwili kwenye daftari lako. Iwe mti, kichuguu au bomba, ukishakifunga unaweza kukirudia hata kikiwa kimeng'olewa. Nilimuuliza nani atakirudia kichuguu. Akasema siyo kazi yangu kujua.

Amri hii ya pili sikuwahi kuivunja, ila ile ya kwanza niliivunja mara moja. Hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu, kwa hiyo mnivumilie, kicheko kimeishia kwenye makande.

Mzee Amnaay alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo ya upimaji ambayo siku hizi haipo, na tulikuwa tunarasimisha mtaa mmoja upande wa kwenda Sigino. Sitautaja jina, maana watu wake wapo. Sisi wenyewe tulikuwa tunauita Minyaa, kwa sababu ya ua mrefu wa minyaa uliokuwa umeupasua katikati. Minyaa ile ilitenganisha maeneo ya ndugu wawili waliogawiwa shamba na baba yao. Kaka mkubwa aliitwa Lohay. Mdogo wake alikuwa ameajiriwa kwenye mashamba ya ngano kule Hanang, na nyumbani alikuwa amemwacha mkewe, Paskalina. Aliitwa hivyo kwa jina lake kwa sababu alikuwa bado hana mtoto wa kuitiwa.

Mchoro ulionyesha barabara ya mita sita ipite kwenye mpaka wao. Kwa haki, kila upande ungetoa mita tatu, na minyaa ingeng'olewa, pale ilipokuwa pakawa katikati ya barabara.

Tulipofika asubuhi, Lohay alikuwa ametuandalia chai na viazi. Tukanywa tumesimama kando ya minyaa. Mimi nilikuwa na furaha zangu siku hiyo. Binti yangu Neema alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, na mimi ni mtu wa sauti kubwa. Nikawasimulia wenzangu jinsi alivyovimba miguu, jinsi anavyokula udongo kwa siri, kwamba ana miezi saba na anakaa kwangu hadi ajifungue. Wakanitania kwamba nimeshaanza kutembea kama bibi. Tukacheka sana.

Kisha nikauliza mwenye upande wa pili yuko wapi. Lohay akashusha sauti. Akasema mke wa mdogo wake haruhusiwi kutoka, mimba yake ilikuwa imetoka wiki tatu nyuma, ikiwa imekomaa kabisa. Mtoto alizaliwa amekufa.

Ninyi wengi mmezaliwa mjini, acheni niwaeleze. Kwetu, mwanamke aliyepatwa na hilo hukaa kando na watu. Haendi kisimani wanakoteka wengine, haendi sokoni wala kanisani, na majirani hawaingii kwake. Mwiko huo tunauita metimani. Hudumu miezi mingi. Wazee walisema msiba wa namna ile huambukiza, na anayeogopewa zaidi kuupata ni mwenye mimba na wote walio nyumba moja naye. Siku hizi wachungaji na manesi wamesema sana, na wengi wameuacha. Wakati ule, mtaa ule, ulikuwa bado unashikwa na watu wanaosali kila Jumapili.

Mimi ni Mlutheri, nimepata kipaimara, nimeimba kwaya. Kama ungeniuliza siku hiyo ningekuambia siamini mambo ya namna hiyo. Lakini nilipoutazama mlango wa Paskalina, mguu wangu ulikataa. Niliona sura ya Neema. Hatua ishirini tu kutoka kwenye minyaa hadi kwenye ule mlango, na sikupiga hata moja. Sikuita hata jina lake kwa mbali. Wenzangu nao walikuwa watoto wa hapahapa, wakawa wanatazama pembeni. Mpima wa kutoka mkoa mwingine angeenda akabisha hodi bila kujua kitu, na mambo yangekuwa tofauti.

Lohay aliliona hilo, akalitumia. Akasema minyaa si mpaka. Akasema aliipanda yeye mwenyewe ndani ya eneo lake kuzuia ng'ombe, na kwamba mpaka wa baba yao ni mkonge mmoja mzee uliobaki, mita tatu ndani ya upande wa Paskalina. Nilijua anaongopa. Minyaa ile ilikuwa na shina nene kama paja langu, imekula miaka mingi kuliko nyumba zote mbili. Lakini kampuni ilitaka tumalize kabla ya mvua, na kurudi kulimaanisha kusubiri miezi. Nikavuta mstari kwenye mkonge. Mita sita zote za barabara zikaangukia kwa Paskalina, kutoka kwenye minyaa kuingia ndani, na bikoni mbili za Lohay nikazisimika palepale kwenye minyaa yake.

Ukiacha ule mkonge, ndani ya hizo mita sita palikuwa na kitu kimoja tu cha kufunga, jiwe la kusagia. Lilikuwa limefunikwa kifudifudi, uso wake chini, udongo wa pembeni ukiwa umetifuliwa. Sikuwa mtoto. Hakuna mwanamke anayelaza jiwe lake la kusagia kifudifudi penye udongo mpya bila sababu. Nililipima kutoka bikoni ya kwanza, nikalipima kutoka ya pili, nikaandika vipimo, na pembeni nikaandika: jiwe la kusagia. Sikuandika nilichojua kuwa kilikuwa chini yake. Lilikuwa mita nne na kidogo kutoka kwenye minyaa. Kama barabara ingegawanywa kwa haki, lingebaki salama ndani ya ua wake.

Halafu ikaja fomu. Ina kisanduku kinachouliza kama mwenye eneo alikuwepo wakati wa kutambua mpaka. Nikaweka alama ya ndiyo. Lohay akasaini pande zote mbili.

Mchoro ulibandikwa ubao wa ofisi ya mtaa siku zilizopangwa, ili mwenye pingamizi aseme. Paskalina alikuwa bado ndani. Mumewe aliporudi kutoka Hanang na kwenda kulalamika, alionyeshwa fomu. Mke wako alikuwepo, imeandikwa hapa. Ndugu wale hawakusalimiana tena. Greda ilikuja mwaka uliofuata, ikaparua mita sita zote, na jiwe likaenda na kifusi, sijui lilitupwa wapi. Lohay amefariki miaka mitatu sasa. Amezikwa ndani ya zile mita tatu alizozipata, na kaburi lake lina vigae na msalaba, salama kabisa kando ya barabara. Nikipita hapo huwa siombi kitu, nasikia hasira tu, na nusu ya hasira hiyo ni yangu mwenyewe.

Neema alijifungua salama. Nilisema Mungu ni mkubwa, na nikajifundisha kutopita ile njia ila nikilazimika.

Mwezi uliopita Paskalina alikuja nyumbani kwangu. Miaka yote hiyo hatukuwahi kuongea, tulikuwa tukionana sokoni kwa mbali na kila mmoja anashika njia yake. Mumewe yuko tena Hanang. Mtoto mwingine hawakupata. Aliniamkia kwa heshima, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akakataa chai. Akaniambia Jumatatu wanachimba mtaro wa bomba la maji katika barabara ile, upande wake. Anataka kumwondoa mtoto kabla sururu hazijafika. Tatizo ni kwamba greda ilipoondoa jiwe, pamoja na mkonge na njia ya zamani, hakuna kitu kilichobaki cha kumwonyesha. Anapo mahali anapodhani ndipo, na kila siku anapakwepa akipita, lakini kuchimba kwa kudhani hawezi.

"Mama Neema," akasema, "ninyi huwa mnaandika kila kitu. Na lile jiwe mliliandika?"

Nilikuwa na daftari. Nimezitupa karatasi nyingi za kazi, ile sikuitupa, na nilijua ukurasa bila kutafuta. Tukaenda hiyo hiyo asubuhi. Bikoni zote mbili zilikuwepo, moja imegongwa na bajaji lakini haijasogea. Alinionyesha pale anapopakwepa, mbali kidogo, karibu na mti wa mjohoro. Alisema huwa anawafukuza hata watoto wa jirani wasiruke kamba pale.

Sasa sikilizeni namna inavyofanyika, huenda siku moja mkaihitaji. Mtu mmoja anashika sifuri ya tepu juu ya bikoni ya kwanza. Wewe unavuta hadi kipimo chako, unashika msumari, unatembea huku unachora upinde ardhini bila kuilegeza tepu. Kisha mnahamia bikoni ya pili na kufanya vilevile. Pinde mbili zinapokatana upande wa barabara, ndipo kilipokuwa kitu chako. Mshika sifuri asinyanyue mkono. Paskalina hakunyanyua. Alipiga magoti kwenye bikoni ya Lohay, amebana pete ya chuma ya mwanzo wa tepu kwa vidole viwili, macho kwenye jiwe hilo la bikoni.

Pinde zangu zilikatana mbele ya geti lake.

Nilirudia. Nikarudia mara ya tatu, nikiomba niwe nimekosea. Barabara ilipokatwa, ua wake ulirudi nyuma, naye akaweka geti jipya pale palipokuwa na nafasi. Ukitoka kwenye geti lile, hatua ya pili unakanyaga pale msumari wangu uliposimama. Ndipo anapopita kwenda kuteka maji, kwenda kanisani, kurudi. Miaka kumi na zaidi alikuwa akiukwepa mjohoro.

Paskalina alikuwa amenipa mgongo nusu, hakuwa ameona. Ningeweza kuuchomoa msumari nikaenda kuuchomeka karibu na mjohoro, akachimba, akabeba udongo wake, akalala kwa amani. Nani angejua. Kwa mara ya pili nilikuwa na nafasi ya kuandika juu ya ardhi ya Paskalina kitu ambacho hakikuwepo, na safari hii kwa nia nzuri.

Nilimwita. Nikampa daftari, nikampa tepu, nikamwambia asome mwenyewe.

Alisoma kipimo cha kwanza, akasoma cha pili, polepole, kidole kikifuata mistari. Akatazama msumari, kisha geti, kisha miguu yake. Akarudi nyuma hatua moja.

"Kwa hiyo nimemkanyaga," akasema.

Hakulia. Aliingia ndani akatoka na jembe na beseni, akachimba mwenyewe, kwa magoti, akivunja moramu ngumu ya barabara kwa ncha ya jembe na kutoa udongo kwa mikono. Bodaboda mmoja alisimama, akazima pikipiki, akaisukuma kwa miguu hadi alipotupita. Hakukuwa na kitu cha kuonekana, niwaambie ukweli. Udongo mwekundu ulibadilika kidogo ukawa mweusi, basi. Aliuchukua huo mweusi wote.

Beseni lilipojaa alikaa chini kupumzika. Akaniuliza, bila kunitazama, kama Neema alijifungua salama mwaka ule. Nikamwambia salama, mtoto wa kike, yuko darasa la tano.

"Nilikusikia siku ile," akasema. "Nilimsikia na shemeji akikuonyesha mkonge. Nilikuwa nimeshika komeo nitoke nikatae. Nikakumbuka ulivyosema Neema ana miezi saba, anakaa kwako. Nikasema nikimsogelea huyu, nitampelekea. Nikaliachia komeo."

Vijana, nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kusikia akinilaumu. Ningejua pa kuiweka lawama. Hili sijui pa kuliweka hadi leo ninapoandika. Mimi niliogopa kwa ajili ya mtoto wangu nikakaa upande wangu wa minyaa, naye akaogopa kwa ajili ya mtoto wangu akakaa ndani, na kati yetu mwongo mmoja akapata mita tatu. Mwanamke yule alimtoa wa kwake ili wa kwangu azaliwe, na mimi nikaandika kwamba alikuwepo.

Kwa hiyo siwapi maneno makubwa. Mkifika kwenye nyumba isiyofunguliwa, msiandike ndiyo. Mwiteni mwenyewe. Mkiogopa, mwiteni kutoka mbali. Mkiogopa hata hilo, andikeni hapana, mrudi, na mkigombezwa na mkubwa wenu mgombezwe.

Beseni lilikuwa zito. Paskalina alilishika upande mmoja akajaribu kulinyanyua, likamshinda. Akaniangalia, akasema, "Karibu ndani, Mama Neema." Nikashika upande wa pili. Tulipita pembeni ya shimo, tukavuka geti, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia kwenye ua ule.